Meno ya Juu

Kasansa, 14 Januari 2024

Mwanangu Happiness,

Mwangaluka. Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitoa, maana najua huko mjini mna kazi nyingi. Sisi huku hatujambo kwa sehemu. Mvua imekuja vizuri, mpunga wa bondeni umesimama, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Bibi yako ndiye hatuna la kusifia. Miguu imevimba, hatoki nje tena, ila ulimi na meno bado anavyo. Juzi alidai muwa, nikamletea, akaumenya mwenyewe kwa meno huku mimi namkodolea macho. Mama wa miaka themanini na kitu. Anauliza lini unaleta mume. Mimi siulizi, nafikisha tu.

Naandika kwa sababu simu yangu inashikwa na wajukuu wote, na wanasikiliza ujumbe kabla yangu. Barua nimempa Anselmo, dereva wa basi. Hata akiifungua hataambulia kitu, mwandiko wangu anaujua Mungu na wewe uliyefundishwa nao.

Sasa kaa chini. Jumatano iliyopita nilikuwa napepeta mchele uani. Mtu akasimama nje ya uzio, kofia mkononi, hakupiga hodi. Akasema, "Kabula, mimi Nkwabi."

Ungo ulinitoka mikononi, mchele wote ukaenda kwa kuku. Nkwabi ni kaka yangu, na ni baba yako, na tulimlilia. Ulikuwa darasa la kwanza walipoleta habari kwamba shimo la dhahabu limewafunika wote waliokuwemo. Tulinyoa nywele ukoo mzima. Wewe nilikunyoa mimi, ukalia kwa ajili ya nywele zako, maana baba alipoondoka ulikuwa hujatimiza hata miaka mitatu, hukuwa na sura yake ya kuililia. Leo mtu anasimama kwenye uzio wangu na kujiita jina hilo.

Watu wakajaa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Thadei, akaja na fimbo yake. Huyu anasema pua ndiyo, yule anasema urefu siyo, mwingine anasema sauti huenda. Hapo nikamkumbuka babu yako Ngusa. Mnadani hakuna muuzaji aliyewahi kumdanganya umri wa ng'ombe. Alisema ngozi inanona, pembe zinachongwa, lakini meno hayahongwi. Nikamwambia huyo mtu ainame. Nikashika taya, nikavuta mdomo wa chini, nikatazama kama nilivyofundishwa.

Kilikuwa kinywa cha kikongwe. Meno ya mbele yamelika mpaka yanagusana na ufizi, vipande vya njano tu. Baba yako mwaka huu angekuwa na miaka hamsini na sita. Tena sisi tuliozaliwa kule Usukuma na kunywa kile kisima cha magadi, meno yetu ni ya kahawia, unayajua ya kwangu. Ya huyu hayakuwa na kahawia hata tone. Na mtoto wa mama anayemenya muwa mpaka leo, meno yake yaishe vile? Ng'ombe wa kinywa kile haendi zizini, anaenda buchani. Nikawatangazia wote: huyu ni mzee wa miaka themanini, si ndugu yetu, aende salama.

Sikumfukuza kama mbwa. Nilimfungia karanga za njiani. Bibi alikuwa ndani amelala, hakumwona.

Nakuambia mimi usije ukaambiwa na wengine. Usiwaze lolote. Nunua khanga ya Bibi ile ya rangi ya damu ya mzee, umpe Anselmo.

Shangazi yako mwenye kukulea,
Kabula


Kawajense, Mpanda, 2 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu ya Bibi inapata nafuu na kwamba anameza zile dawa, siyo anazificha chini ya mkeka. Khanga nimempa Anselmo pamoja na barua hii. Mimi mzima. Chumba nilichohamia kina maji siku tatu kwa wiki, hayo ni maendeleo. Kazini wagonjwa ni wengi, hasa baada ya sikukuu, soda zikishafanya yake.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya kliniki. Nikaisoma tena nimekaa sakafuni. Mhudumu aliuliza kama nimefiwa, nikashindwa kumjibu, kwa sababu sijui ni neno gani linatumika kwa mtu ambaye huenda amefufukiwa.

Shangazi, wewe ndiye uliyenilea na ndiye uliyeuza fahali nikasomee meno. Kwa hiyo nisikilize kwa meno, hata kama hutaki kunisikiliza kwa mengine. Ng'ombe wote wanakula majani, na meno yao yanaota na kulika kwa mpangilio mmoja, ndiyo maana Babu hakukosea. Mtu si hivyo. Jino la mtu limevikwa gamba gumu kupita mfupa, tunaliita enameli, na gamba hilo halina uhai ndani yake. Ukikata kidole kinajiunga. Enameli ikiondoka, imeondoka. Kadiri miaka inavyopita inakuwa nyembamba, ule mwili wa njano ulio chini yake unaanza kuonekana, ndiyo maana wazee wana meno ya njano hata wakisugua kwa majivu. Ndani kabisa kuna chumba chenye mshipa wa maumivu, nacho kinazidi kuwa chembamba uzeeni, jino linajijenga kwa ndani. Fizi nazo zinashuka, mzizi unabaki uchi, na mzizi hauna gamba la kuulinda.

Huo ni uzee peke yake, nao unakwenda taratibu. Bibi ana uzee. Meno yake ni bapa, lakini ni mazima. Kuoza ni jambo jingine, hakungoji miaka. Sukari ikilala mdomoni, vijidudu vinaigeuza kuwa kitu kichachu kinacholainisha gamba mpaka kinapata tundu. Kikishaingia, ndani kunaliwa kama nguzo yenye mchwa, juu bado unaona rangi ya mti. Halafu siku moja mgonjwa anauma kipande cha ugali na jino linapasuka. Wiki hii nimehudumia kijana wa miaka ishirini na sita mwenye kinywa ambacho wewe ungekipeleka buchani.

Na kahawia yenu iko ndani ya enameli. Maji ya kisima yanaitia pale jino linapoundwa, mtoto bado mdogo. Kama gamba limelika lote, kahawia imeondoka nalo.

Nina swali moja tu. Meno yake ya juu yalikuwaje? Unakumbuka kajino kangu ka pembeni, kale kafupi, ambako watoto wa shule walikaita punje ya mtama. Bibi anako. Ulishawahi kuniambia baba alikuwa nako. Je, mtu huyo anako?

Sisemi nataka baba. Nimefika miaka thelathini na moja bila yeye. Nataka jibu. Na karanga, Shangazi, ulimfungia karanga mtu uliyetoka kuona hana meno.

Mwanao,
Happiness


Kasansa, 25 Februari 2024

Happiness,

Khanga imefika, Bibi ameivaa hapohapo kitandani na anasema ni nyepesi, ile ya zamani ilikuwa nzito. Ndiyo shukrani yake hiyo. Mpunga unachanua. Daraja la kwenda Kibaoni limefunikwa na maji, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini. Ndama anaendelea vizuri.

Barua yako nimeisoma na nimeona nimefundishwa. Ni sawa, nilikusomesha ili unifundishe. Lakini usidhani nilimtazama yule mtu kwa dharau. Nilimtazama kwa mkono uleule ambao watu wa Mpimbwe yote wanauamini, mpaka leo mtu hanunui dume la kulimia bila kuniita.

Unauliza meno ya juu. Ng'ombe mbele hana meno ya juu, Happiness. Ana ufizi tu. Tangu nikiwa na miaka minane, mkono wangu unavuta mdomo wa chini. Nani anatazama juu?

Hilo nimeliandika na sitalirudia.

Yako mengine madogo. Nilipoachia mdomo wake aliufuta kwa kofia, akasema polepole, "Umeshika kama Baba." Nikajisemea, nani asiyejua kwamba Ngusa alikuwa dalali. Kila mtu anajua. Halafu alipoondoka Bibi aliita kutoka ndani, akauliza, "Nani alikuwa anaongea hapo nje?" Nikamwambia ni mnunuzi wa mbuzi. Akasema, "Mbuzi gani?" Nikasema wamekwisha. Tangu siku hiyo anakula nusu ya alichokuwa anakula, na mlango hataki ufungwe.

Anselmo anasema amemwona mtu wa namna hiyo Sitalike, analinda mashine ya kusaga. Sikumuuliza. Alisema mwenyewe.

Mimi sina neno jingine. Usiende huko peke yako, barabara ya mbugani ina viboko kipindi hiki cha maji.

Shangazi yako


Kawajense, 17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa Kibaoni mpaka maji yalipopungua. Poleni na daraja. Mwambie Bibi nitamtafutia khanga nyingine nzito. Mimi afya ninayo, usingizi sina. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana.

Nilikwenda Sitalike.

Mashine ya kusaga iko nyuma ya maduka. Mtu alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba, shavu limevimba, kitambaa amekizungusha kidevuni na kukifunga utosini. Sikumwambia mimi ni nani. Nilisema mimi ni tabibu wa meno, nimeona amevimba. Hiyo ilikuwa kweli. Akasema, "Daktari, hili gego linaniua, sijalala toka juzi." Nikatoa glovu kwenye mkoba, nikawasha tochi ya simu, nikamwambia afungue mdomo.

Nilianza chini, pale ulipoishia wewe. Hukuona vibaya, Shangazi. Yamelika kweli, mpaka kwenye ule mwili wa njano, na katikati ya kila jino kuna kidoa cheusi ambapo chumba cha mshipa kilikuwa. Jino lilikuwa linajijenga kwa ndani huku linaliwa kwa juu. Magego manne hayapo. Lile linalomuuma limebaki ukuta tu, ndani ni tope. Nikamuuliza, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Akasema zamani alikuwa anashuka mashimoni, tochi ya chuma ameiuma kwa meno, maana mikono yote miwili iko kwenye kamba. Baadaye akafanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kuponda mawe ya dhahabu, miaka karibu ishirini. Vumbi la mawe linaingia kwenye ugali, linaingia kwenye mate, unalitafuna mchana kutwa. Na chai ya sukari nyingi na soda, ili njaa isisikike. Ni kama mtu aliyetafuna msasa, Shangazi. Umri wake sikuweza kuusoma kwenye meno yale, na wewe usingeweza, na Babu Ngusa asingeweza.

Halafu nikainua mdomo wa juu.

Yale mawili ya mbele yamelika nusu. Upande wa kushoto, kati ya jino la mbele na chonge, kuna kajino. Kadogo, kafupi, kamechongoka. Kwa sababu ni kafupi, hakajawahi kugusana na jino la chini. Miaka yote hiyo hakuna kilichokasaga. Kana gamba lake lote, na kwenye gamba kuna mistari ya kahawia ya maji ya kisima chenu, inaonekana kama imechorwa jana.

Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye kangu. Nilishindwa kutoa mkono mdomoni mwake. Nilikuwa nimeinama juu ya mtu mwenye pumzi ya usaha, tochi inacheza, na yeye ndiye aliyenishika kiwiko kunituliza, akidhani ni mara yangu ya kwanza kazini.

Akauliza jina langu. Nikamwambia Happiness. Akasema, "Jina zuri. Nani alikupa?" Nikasema, "Baba yangu." Akafumba mdomo. Nikamwambia, "Fungua, sijamaliza." Akafungua, machozi yanamtiririka mpaka masikioni, na mimi nikaendelea kutazama lile gego kwa sababu sikujua mahali pengine pa kutazama.

Siku shimo lilipoanguka alikuwa ametoka kununua betri za tochi. Wenzake wote walibaki chini. Alikimbia, anasema, kwa kuogopa wake zao watamuuliza kwa nini yeye. Alipokuja kusikia kwamba nyumbani mmeshamaliza matanga, alikuwa hana kitu hata cha kuvaa. "Watu wameshanyoa nywele kwa ajili yako," anasema, "unarudi na nini mkononi?" Mwaka ukazaa mwaka. Mwezi Desemba mtu wa Mpimbwe alimwambia Mama hatembei tena, ndipo akaja kwenu.

Kuna mambo nilitaka kumwambia tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga. Nilichomwambia ni kwamba atafune upande wa kulia na aje Mpanda Jumatatu nimng'oe hilo jino.

Happiness


Kasansa, 8 Aprili 2024

Nimesoma. Balozi Thadei amenisomea tena, nilifikiri macho yangu yameona vibaya.

Niliingiza kidole gumba kwenye mdomo wa kaka yangu mbele ya watu. Nikakuandikia kwamba kinywa chake ni cha buchani. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni tulipohama kutoka Usukuma, mimi mguu umechomwa na mwiba, na mimi ndiye mkubwa. Tangu jana mkono huu naunawa, na nikimaliza naunawa tena. Ndama nimeshindwa kumfungua mdomo kumnywesha dawa, nimemwita jirani.

Bibi hanywi uji mbele yangu, anageukia ukutani. Mganga wa zahanati amesema tusimtie matumaini. Mlete. Mlete haraka, Happiness. Kama hataki kuniona nitakwenda kulala kwa jirani. Muulize kama anakula ugali laini au mlenda unamtosha.

K.

Sijasalimu. Hamjambo.


Kawajense, 20 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole. Tupo salama. Jino limetoka vipande vitatu, usaha umekauka, uvimbe umeisha. Anakaa hapa kwangu, analala sebuleni, asubuhi nakuta ameshafagia na kuchota maji. Anakula mlenda na ugali laini, umekisia vizuri. Ananiita daktari. Mimi namwita mzee. Tunaishi kwa heshima kama wapangaji.

Kuja hataki. Nimemwambia hali ya Bibi bila kuficha. Aliiacha chai ikapoa, akasema, "Mimi nilifunguliwa mdomo mbele ya watu kama dume mnadani, nikaambiwa si wa pale. Siwezi kuingia kwa mama yangu kwa mlango wa nyuma. Aliyenitoa mbele ya watu anirudishe mbele ya watu walewale." Ukitaka kujua kama ni ndugu yako usihangaike tena na meno. Ni huo ukaidi.

Nilimuuliza, na Bibi akifa kabla? Alichukua ndoo akaenda kuchota maji. Usiku nilimsikia anakohoa ile kohoa ya mtu anayeficha kitu.

Mimi sitakuja naye, kazini hawanipi ruhusa. Hilo si kweli sana, lakini liandike hivyo moyoni mwako. Ukituma neno kwa Anselmo, nampandisha basi siku hiyohiyo.

Happiness


Kasansa, 12 Mei 2024

Mwanangu Happiness,

Mwangaluka. Sisi wazima wote, na leo nasema wote kwa maana yake. Mpunga tumeanza kuvuna. Ndama ametoroka mara mbili.

Neno langu ulilipata, na mtu wako amefika. Nilikuwa nimewaita walewale: balozi Thadei, majirani, na yule mama aliyesema urefu siyo. Walisimama kituoni toka asubuhi, wengine kwa upendo na wengine kwa umbea, niliwahitaji wote. Basi liliposimama alishuka wa mwisho, kofia mkononi. Nikapiga magoti kwenye vumbi, mimi na umri huu. Nikasema, "Nilisoma mdomo wa huyu nikawaambia si wetu. Nilitazama chini, sikutazama juu. Huyu ni Nkwabi wa Ngusa, na nilimtia aibu mbele yenu."

Aliinua mdomo wa juu kwa kidole chake mwenyewe, akazunguka kila mtu aone. Balozi alivaa miwani. Nami nikasogea, nikakaona, kajino kalekale tulikokuwa tunamchekea tukichunga. Nikaanza kulia nikasogea tena nitazame vizuri. Akasema, "Basi, Kabula, utaniuza." Watu wakacheka mpaka Anselmo akasahau kuondoa basi.

Nilikuwa naogopa kumwingiza kwa Bibi. Mganga alisema mshtuko unaweza kumchukua. Nilitangulia nimwandae kwa maneno, na kabla sijafungua kinywa akasema, macho amefumba, "Mnunuzi wa mbuzi amerudi?"

Alijua, Happiness. Aliijua sauti tangu Januari, akaniacha na uongo wangu, akawa anangoja mlango ukiwa wazi. Nkwabi alikwenda kukaa chini kando ya kitanda, kwenye mkeka, na Bibi akamwekea mkono kichwani. Akasema tu, "Umechelewa." Hakumuuliza alikuwa wapi. Mpaka leo hajamuuliza.

Nilichinja mbuzi. Tulipoleta sinia, watu wamekaa, kila mtu anakula, Nkwabi amekamata kipande anakigeuza mkononi. Anachovya ugali kwenye mchuzi anameza. Bibi tulikuwa tumemkalisha kwa mito. Akauliza, "Mbona huyu hali nyama?" Yule mama wa urefu akasema, "Hana meno, bibi."

Bibi akanyoosha mkono, akasema leteni hapa. Akakichukua kile kipande, akakitia mdomoni mwake, akakitafuna. Alitafuna muda mrefu, kwa yale meno yake bapa. Mtu ambaye tulikuwa tunambembeleza anywe uji. Halafu akakitoa, akakiweka kwenye kiganja cha mwanawe, kama mama anavyomlisha mtoto anayeachishwa ziwa. Na Nkwabi, mwenye mvi zile, mbele ya balozi na majirani na mimi, akala. Akanyoosha mkono apewe tena.

Mimi nilitoka nje nikashika mti. Nimefungua midomo mingi maishani mwangu, na sikuwahi kuona kitu kama kile.

Bibi anakula sasa. Hatafuni chake bila kutafuna cha mwanawe, kwa hiyo inabidi ale. Mganga amekuja, ametikisa kichwa, hana maelezo. Lakini taya zinamchoka, nimeona. Jana alifika katikati akapumzika.

Baba yako anauliza kila basi likipita kama daktari ameshuka. Mimi nimemwambia hapa kwetu hatujui daktari, tunajua mtoto.

Shangazi yako,
Kabula


Kawajense, 16 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Bibi shikamoo yake. Ruhusa nimepata, sikuwa nimeiomba.

Nashuka Jumamosi kwa basi la Anselmo. Mwambie Bibi apumzishe taya, na Baba asiguse nyama mpaka nifike. Meno ninayo.

Happiness